UZI: Wote wanapigania bei ya stima. Nani anaongea juu ya dirisha lako?

1. Wiki hii mmeniuliza swali moja mara nyingi sana: kwa huu mjadala wa bei ya stima, nani anasema ukweli? Leo tuufungue polepole. Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji jina la mwanasiasa wala chama, tunachambua hoja. Halafu nitaongeza kitu ambacho sijasikia kikitajwa jukwaani hata siku moja, nacho ni dirisha la nyumba yako. Usicheke bado, soma mpaka mwisho.

2. Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Bili ya stima ni bei ya uniti moja mara idadi ya uniti ulizotumia. Ni hivyo tu. Kwenye mikutano, kwa redio na kwa TV, pande zote zinapigania nambari ya kwanza. Ile ya pili wanakuachia wewe na nyumba yako. Mimi leo nataka tuangalie zote mbili.

3. Bei kwanza. Bei ya stima inaidhinishwa na EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Lakini juu ya bei ya msingi kuna mengine: gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, marekebisho ya dola, marekebisho ya mfumko wa bei, tozo ya asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, na VAT ya asilimia 16. Hiyo ndiyo sababu tokeni ya 500 ya mwezi huu na ya mwezi ujao haziwezi kukupa uniti sawa. Hakuna mtu amekuibia kwa mita, ni hizo nyongeza zinacheza.

4. Hoja ya kwanza utakayosikia: "Ondoeni kodi kwa stima." Wanaoiunga mkono wanasema stima ni kama maji na unga, huwezi kuishi bila hiyo. Wanaopinga wanauliza pengo la bajeti litazibwa na nini, kwa sababu serikali ikikosa hiyo VAT itaitafuta kwingine, pengine kwa mkate wako. Na ile tozo ya vijijini ndiyo inasimamisha nguzo kule kwa shangazi yako. Kwa hivyo akikuambia ataondoa, muulize atalipia nini na nini.

5. Hoja ya pili: "Vunjeni mikataba ya wazalishaji binafsi." Ni kweli mingi imefungwa kwa pesa za kigeni na kwa miaka mingi, na baadhi ya mitambo hulipwa kwa kuwa tayari tu, hata stima yake isipochukuliwa. Hapo hasira ya watu ina msingi. Upande wa pili unasema mkataba ukivunjwa ovyo unaleta kesi na fidia, na hiyo fidia itatoka kwa huyu huyu mlipa kodi. Kati ya kuvunja na kunyamaza kuna kujadiliana upya. Haipigiwi makofi sana kwa mkutano, lakini ipo.

6. Hoja ya tatu: "Msaidieni mtu wa chini." Huo msaada tayari uko ndani ya bei. Wateja wa nyumbani tuko kwa madaraja matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Bei mpya zilipoanza Aprili 2023, bei ya msingi ilikuwa takriban shilingi 12, 16 na 21 kwa uniti, kabla ya zile nyongeza. Kabla ya hapo daraja la chini lilikuwa linafika uniti 100. Kulishusha mpaka 30 ndiko kulikowauma watu wengi wa kipato cha katikati.

7. Sasa shikeni hapa, maana wengi hawajui. Daraja lako linapangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Ukitumia sana Julai kwa sababu ya baridi, wastani unapanda, na unaweza kuendelea kulipa bei ya juu Agosti na Septemba hata kama umeshazima kila kitu. Ukiona tokeni zinakwisha mbio baada ya baridi kuisha, usikimbilie kulaumu mita. Angalia Julai uliishi vipi.

8. Na bei yenyewe haitulii. Januari 2022 ilipunguzwa kwa asilimia 15 na watu wakapiga makofi. Aprili 2023 ikapanda na watu wakalia. Itapanda tena na itashuka tena, na kila mara kutakuwa na mtu wa kudai sifa na mwingine wa kulaumiwa. Uniti ambayo hukuitumia ndiyo pekee haikusumbui, bei iwe gani. Ndiyo tunaingia kwa nyumba.

9. Nikiri yangu. Julai moja nilikuwa nimepanga upande wa Limuru, nyumba ya mawe, madirisha ya chuma. Baridi ya huko mnaijua, si ya kusimuliwa. Nikanunua hita ya wati 2000. Jioni naiwasha saa kumi na mbili, nazima saa nne. Tokeni ya elfu moja ikawa inaisha siku ya nne. Nikawa natukana kila mwenye cheo Nairobi, kumbe moto wangu mwingi unatokea dirishani naenda kupasha shamba la majani chai la jirani.

10. Hesabu yake ni rahisi. Hita ya wati 2000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Tuseme unawasha saa 3 kila jioni, hizo ni uniti 6. Mwezi mzima, 180. Hapo umeshavuka 100 kabla hujapiga pasi wala kuoga maji moto. Kwa jumla ya takriban shilingi 30 kwa uniti ukiweka kodi na tozo, hiyo ni kama 5,400 ya hita peke yake. Ukiweza kupunguza saa moja tu kila siku, umeokoa uniti 60, karibu 1,800. Hiyo ni pesa ya shopping, wadau.

11. Mbona chumba kinapoa upesi? Madirisha yetu mengi ni kioo kimoja chembamba ndani ya fremu ya chuma. Kioo hakizuii joto, na chuma ndiyo mbaya zaidi. Chukua dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, ndani nyuzi 20, nje nyuzi 11. Kioo hicho kinavujisha karibu wati 90 bila kupumzika. Madirisha matatu ni wati 270. Ni kama umeacha taa kadhaa za zamani zinawaka huko nje usiku kucha, na wewe ndiye unazilipia.

12. Na hicho ni kioo tu. Mianya nayo ni shida nyingine. Fremu imepinda, puti imekauka ikadondoka, dirisha halifungi sawasawa. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikibadilisha hewa yote mara tatu kwa saa, unapoteza wati zingine 270 hivi. Yaani mianya inaweza kukumaliza sawa na vioo vyote. Habari nzuri ni kwamba kuziba mwanya ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote.

13. Niseme ukweli kabla hamjanirukia. Wakenya wengi hawana hita kabisa. Kama wewe ni wa blanketi na chai ya tangawizi, dirisha halitakupunguzia tokeni, litakupa usingizi na mtoto asiyekohoa sana. Na kama bili yako inatoka kwa shower ya stima, anza na hiyo, oga haraka. Lakini kama uko Limuru, Kinangop, Nyahururu, Molo au Eldoret na una hita, au uko Mombasa na una AC, yanayofuata ni yako.

14. Tafuta mwanya kwanza. Washa dawa ya mbu ile ya kuzunguka, jioni yenye upepo, uipitishe polepole kando ya fremu yote. Moshi ukienda wima, hapo ni sawa. Ukiyumba ama ukivutwa, hapo kuna mwanya. Weka alama ya chaki. Usiisogeze karibu na pazia, tafadhali, tumekuja kuokoa pesa, hatujakuja kuchoma nyumba.

15. Puti. Ukibonyeza na inabanduka kama chapati kavu, hiyo imekufa. Toa ya zamani kwa kisu butu, pangusa vumbi na kutu, kisha bandika mpya kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ikandwe kwa mkono kama unga mpaka ilainike, ibonyeze pembeni ya kioo, ilainishe kwa kisu kilicholowa maji. Kwa nyufa kati ya fremu na ukuta tumia silikoni ya tyubu. Fundi akikwambia lazima ubadilishe dirisha zima, muulize fundi mwingine.

16. Pale dirisha linapofunguka, usiweke puti wala silikoni, utajifungia. Hapo bandika utepe wa sponji wenye gundi upande mmoja. Safisha chuma kwanza, kaushe, bandika pale fremu mbili zinapokutana, kisha funga uone kama inashika. Sponji nene sana itazuia dirisha kufunga, nyembamba sana haifanyi kazi. Jaribu kipande kidogo kabla ya kuzungusha lote.

17. Nailoni. Hii ndiyo siri yenyewe. Chukua nailoni safi ya kuonyesha, ibandike kwa fremu upande wa ndani kwa selotepu ya pande mbili, ivutwe sawa, iache nafasi ya vidole viwili kati yake na kioo. Hewa iliyofungiwa hapo katikati ndiyo blanketi. Ikikaa vizuri inaweza kupunguza joto linalopotea kwa kioo kwa karibu nusu. Ile nailoni ya vipovu ya kufungia TV pia inafanya, ila huoni nje. Acha angalau dirisha moja la kufunguka kila chumba.

18. Pazia. Lile jembamba la urembo ni la wageni. Usiku unataka zito, lenye kitambaa cha pili nyuma, lipite ukingo wa dirisha pande zote. Kama huna, shona blanketi kuukuu nyuma ya lile ulilo nalo. Mchana jua likiwaka, fungua liingie, hilo ni joto la bure. Saa kumi na mbili kabla baridi haijashuka, funga. Na mlangoni chini, jaza matambara kwa mguu wa suruali kuukuu, ushone ncha zote mbili, lala nao kama nyoka hapo.

19. Jumla ya puti, sponji, nailoni na selotepu haitakaribia zile 5,400 za hita za mwezi mmoja. Na ukihama, nailoni na pazia unaondoka navyo. Mimi Julai iliyofuata hita ilikuwa inawaka saa mbili na nusu badala ya nne. Chumba hakikuwa kama Mombasa, lakini nilikuwa naandika nyuzi hizi bila glavu.

20. HATARI, na hapa someni mara mbili. Kama mnawasha jiko la makaa ama hita ya gesi ndani, MSIZIBE. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unalala, huamki. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyokutwa hivyo asubuhi. Yale matundu juu ya dirisha hayakuwekwa kama urembo. Hata kama huna jiko, acha tundu moja wazi na ufungue madirisha dakika chache asubuhi, la sivyo unyevu utaleta kuvu ukutani.

21. Ndugu zetu wa Pwani, nyinyi shida yenu imegeuka. Joto linaingia. Hapo pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia chumbani. Lizuie nje. Neti ya kivuli ile ya vitalu vya miche, mkeka, bati la kuchomoza juu ya dirisha, hata mti. Anza na dirisha la magharibi, lile la jua la alasiri. Kisha ziba mianya ili baridi ya AC isitoroke. Kama huna AC, usizibe, unataka upepo.

22. Na hili si jambo geni. Nenda Lamu ama Mji wa Kale Mombasa uangalie zile nyumba: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vya kivuli, madirisha yenye mbao za kupitisha upepo na kukataa jua. Wazee walijenga kulingana na hali ya hewa yao. Sisi tumekuja tukajenga ghorofa la vioo linaloangalia magharibi, halafu tunalalamika AC inakula stima.

23. Sasa turudi kwa siasa, kwa sababu kuna swali halijajibiwa: NANI ALIPE? Nilimwendea mwenye nyumba nikamwambia, "Mzee, dirisha limetoa puti, baridi inaingia." Akanijibu, "Kijana, si uliiangalia nyumba kabla ya kuingia?" Na kwa hesabu yake yuko sawa. Yeye akitengeneza dirisha, pesa zinatoka mfukoni mwake na faida inaingia kwa tokeni zangu. Mimi nikitengeneza, nikihama namwachia nyumba nzuri, na pengine anikate deposit kwa kubandika vitu. Kwa hivyo wote tunakaa tu, stima inavuja.

24. Kuna nchi ambapo hii ni siasa kubwa. Uingereza nyumba inapewa daraja la matumizi ya kawi kutoka A hadi G, na mpangaji anapaswa kuonyeshwa. England na Wales, tangu Aprili 2018, mwenye nyumba hawezi kuanza upangaji mpya kwa nyumba iliyo chini ya E, isipokuwa awe na msamaha wa kisheria. Septemba 2021 waandamanaji walikaa chini kwenye barabara kuu ya M25 wakidai nyumba zizibwe baridi. Mwaka uliofuata bei ya gesi ikapaa, serikali ikaingia kusaidia kulipa bili za watu, na swali likawa: tuendelee kulipia joto linalovuja, ama tuzibe nyumba?

25. Hoja za huko ndizo zitakazokuja hapa. Wa kwanza anasema: sheria imlazimishe mwenye nyumba. Anajibiwa: atapandisha kodi ya nyumba, utalipa wewe. Wa pili anasema: serikali isaidie kulipia matengenezo. Anajibiwa: unamsaidia vipi mwenye ploti kwa ushuru wa mtu asiye na ploti? Wa tatu anasema: muachie mpangaji na soko. Anajibiwa: mpangaji hawezi kuchagua kitu asichoonyeshwa. Kila mmoja ana hoja. Mwogope yule anayejifanya hoja ya mwenzake haipo.

26. Hapa Kenya tuko wapi? Friji dukani ina stika ya nyota kukuonyesha inakula stima kiasi gani. Nyumba, ambayo ni ghali kuliko friji zote maishani mwako, haina hata nyota moja. Katiba, Jedwali la Nne, inaweka nyumba na udhibiti wa kawi miongoni mwa kazi za kaunti, na ni kaunti inayopitisha ramani za ujenzi. Na mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya ada ya nyumba chini ya Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024. Hizo nyumba mwenye nyumba ni wewe.

27. Kwa hivyo mwaniaji akija mtaani kwenu na ahadi ya bei ya stima, msimzomee na msimshangilie kwanza. Muulizeni haya manne:
– Ukipunguza bei, pengo litazibwa na nani?
– Nyumba zinazojengwa na ada yetu zina madirisha ya aina gani, na yanaangalia jua upande gani?
– Kaunti inaangalia nini inapopitisha ramani ya ghorofa: inakagua joto na upepo, ama inahesabu vyumba tu?
– Mpangaji akitengeneza dirisha kwa pesa yake na risiti anayo, kwa nini isikatwe kwa kodi ya nyumba?

28. Hilo la mwisho halihitaji hata bunge. Muandikie mwenye nyumba leo, umwambie utanunua puti na sponji, umtumie risiti, akate kwa kodi ya mwezi ujao. Wa kwanza alinikatalia. Wa sasa alikubali kwa SMS ya maneno mawili: "Sawa, fanya." Nimeihifadhi.

29. Nimemaliza. Bei ya stima tuendelee kuipigania, ni haki yetu na ni pesa yetu. Lakini tukingoja jukwaa litupe afueni yote, Julai itatukuta pale pale. Kesho jioni washa dawa ya mbu, zunguka dirisha, kisha uniambie hapo chini umepata mianya mingapi. Na kama una mwenye nyumba mkaidi, mtumie uzi huu. Sambazeni. Usiku mwema.